MSAADA, AU MALI YAO WENYEWE?

Ndugu wasomaji, mtu akitia mkono mfukoni mwako, akatoa fedha zako, akakununulia mkate, kisha akasimama barazani akitangaza kuwa amekulisha, je, mtu huyo mtamwita mfadhili?

Hayo ndiyo yaliyowapata watu wa Iraki. Agosti 1990, baada ya Saddam Hussein kuivamia Kuwait, Umoja wa Mataifa uliifungia Iraki biashara. Haikuwa ila Desemba 1996 ndipo ilipoanza kuuza mafuta yake ili inunue chakula na dawa, na fedha hizo ziliwekwa katika benki ya New York, si Baghdad. Hapo mwanzo, katika kila dola 100, dola 30 zilikatwa kwanza kulipia fidia ya vita. Unga, mchele na dengu zilizonunuliwa kwa baki yake ndizo zilizopewa jina la msaada!

Amma sisi tuishio kwa mizani hatuna rukhsa ya kuubonyeza upande mmoja kwa kidole. Saddam naye aliifanyia biashara njaa ya raia zake. Ilienezwa khabari ya watoto nusu milioni waliokufa; uchunguzi uliofanywa baada ya yeye kuangushwa mwaka 2003 haukuithibitisha hesabu hiyo. Na mwaka 2005 ilidhihirika kuwa makampuni zaidi ya 2,000 yalimlipa fedha za siri katika biashara hiyo hiyo ya mafuta na chakula. Raia akipimiwa dengu, mtawala akijenga majumba ya fakhari.

Je, hesabu ikitiliwa shaka, dhulma nayo imefutika? Hasha! Madeleine Albright wa Marekani alipoulizwa mwaka 1996 juu ya watoto hao, hakuikana hesabu. Alijibu kuwa thamani hiyo yafaa kulipwa, neno ambalo baadaye alilijutia. Denis Halliday, aliyesimamia kazi hiyo Baghdad, alijiuzulu mwaka 1998. Hans von Sponeck, aliyemfuatia, akajiuzulu mwaka 2000. Hao walikuwa wameliona daftari kwa macho yao.

Qurani ina sura nzima iwaonyayo wapunjao vipimo, wala haikumvua mkubwa wala mdogo. Basi kila tusikiapo kuwa nchi fulani yafungiwa biashara kwa jina la haki, tusikimbilie kushangilia wala kulia na waliao. Tuulize kwanza: mali ni ya nani, daftari analo nani, na nani afungaye tumbo?