Kung'arisha Kabati Si Kuficha Uchafu

Kila mwaka, mvua za Machi hadi Mei zinapokwisha, wakazi wengi wa Busanza, katika Sekta ya Kanombe, huanza kutengeneza nyumba zao. Jambo hilo ni jema. Lakini lipo kosa moja ambalo hatuna budi kulikemea, nalo ni desturi ya kung'oa makabati ya jikoni yaliyo mazima kwa sababu tu yamefifia kwa moshi na mafuta, kisha kukopa fedha za kununua mapya.

Ndugu askari na polisi, ninyi mnafahamu vema maana ya kutunza chombo. Hakuna askari atupaye buti kwa sababu limechujuka. Hulisafisha, akalipiga rangi, likarudi kazini. Kwa nini basi kabati la mbao lihukumiwe kwa sura yake?

Dawa yake ni vanishi nyepesi yenye rangi, ambayo hupakwa na kupanguswa kwa kitambaa kabla haijakauka, ikabaki kidogo tu katika mifereji na pembe za mbao. Kazi yake si kuzifunika mbao, bali kuzitia kivuli ili umbo lake lionekane upya. Mwenye subira aweza kuifanya siku za mapumziko, wala mama wa nyumbani asiachiwe peke yake.

Hata hivyo, tunataka ieleweke kwamba ubora wa kazi hii uko chini ya rangi, si juu yake. Kwanza milango ifunguliwe bawaba na kutiwa alama, ili kila mmoja urudi mahali pake. Ioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu hadi mafuta yote yatoke, ikauke, isuguliwe kwa msasa laini, na vumbi lipanguswe. Rangi ijaribiwe kwanza upande wa ndani wa mlango mmoja. Ikiisha kukauka, ipakwe juu yake vanishi isiyo na rangi, ya kuikinga na mvuke. Anayeruka hatua ya kuosha atapata mng'ao wa siku chache, kisha rangi itabambuka. Huo ni usafi wa kumridhisha mkaguzi, nao haumfai mwenye nyumba.

Tena, mbao iliyooza kwa maji au kuliwa na wadudu haiponi kwa vanishi. Hiyo ibadilishwe, na seremala wa Gisozi alipwe haki yake.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti hukausha rangi vizuri, lakini huleta vumbi jekundu. Inafaa kunyunyiza maji uani kabla ya kuanza. Madirisha yawe wazi na moto wote uzimwe. Matambara yaliyolowa mafuta ya linsidi yasirundikwe, kwani yaweza kuwaka yenyewe. Yatandazwe nje hadi yakauke. Polisi wa zimamoto, ambao wameitwa zaidi ya mara moja kuzima moto katika soko la mbao la Gisozi, hawahitaji kuelezwa jinsi mbao na rangi zinavyowaka.

Mwaka 1997 kilianzishwa chama cha akiba na mikopo cha Zigama CSS kwa ajili ya askari, na neno zigama kwa Kinyarwanda ni agizo: weka akiba. Mkopo wa kujenga nyumba au kusomesha mtoto hujenga familia. Lakini mshahara unaokatwa mwezi baada ya mwezi ili kabati zima litupwe na jingine liwekwe, huo ni mshahara unaolipia fahari.

Askari aliyekabidhiwa silaha ya Taifa akaitunza, asishindwe kuutunza mlango wa jiko lake mwenyewe.