Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Lisomeni daftari la sanduk

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Sudan Kusini.

Mheshimiwa, nakuandikia kutoka Gudele, hapa Juba, kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyorudi nayo kutoka kambi ya Kakuma nchini Kenya, na ndiyo tunayouziana nayo sokoni Konyo Konyo na Waganda, Wakenya na Wakongomani. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, kwa hiyo naamini lugha hii ina haki ya kubisha hodi hata katika ofisi za Juba.

Ombi langu ni moja. Mlipuko mwingine wa ugonjwa ukija, wanawake wa sanduk waitwe kabla amri haijatolewa.

Msomaji asiyeijua Juba aelewe kwamba sanduk ni ule upatu wa Dar es Salaam, au chama cha Nairobi. Tunakaa watu kumi au kumi na watano, kila mmoja anatoa kiasi kilekile kila wiki, na fungu zima anakabidhiwa mmoja kwa zamu. Jina ni la Kiarabu cha Juba, na kila Mswahili atalitambua. Ila kwetu hakuna sanduku lolote la mbao. Kuna daftari la shule lililochanika jalada, na mama anayelitunza ndani ya mfuko wa plastiki mvua isilifikie.

Naomba ufungue nami ukurasa wa Aprili 2020. Tarehe 5 ya mwezi huo mgonjwa wa kwanza wa korona alithibitishwa nchini. Shule zilikuwa zimeshafungwa tangu Machi, mipaka imefungwa, ndege za abiria zimesimama, na usiku hakuna ruhusa ya kutoka nje. Vibanda vya chai navyo vikaamriwa vifungwe. Magazeti ya nje yalituhesabia mashine za kusaidia kupumua: 4, kwa nchi ya watu wapatao milioni 11. Huku mitaani hesabu yetu ilikuwa nyingine. Tulihesabu siku ambazo mama chai angeweza kukaa nyumbani kabla hajaanza kula mtaji. Sukari anayouza leo ndiyo inayonunua sukari ya kesho, mkaa wa kesho, na unga wa watoto jioni. Siku tatu bila kuuza, kopo la sukari linarudi jikoni kwake. Wiki mbili, birika na vikombe vinatafutiwa mnunuzi.

Wiki ile zamu ilikuwa ya mwenzetu aliyekuwa ameisubiri kwa miezi mingi. Alitaka kununua mabati, maana nyumba yake ilivuja. Tulikuwa tumekaa mbalimbali chini ya mwarobaini, kila mtu na kiti chake cha plastiki, nyuso zimefunikwa kwa barakoa alizotushonea mmoja wetu kwa mabaki ya vitenge. Yule mwenye zamu alisimama akasema fungu apewe mjane jirani yake, muuza mikate ya kisra, ambaye wateja wote wamempotea. Katibu hakumuuliza mara mbili. Alilipiga jina mstari mmoja, akaandika lingine juu yake. Ukiendelea kufunua mpaka Juni utakuta majina mengine manne yamepigwa mstari vivyo hivyo. Yule wa mabati alikaa na ndoo chini ya tundu msimu mzima wa mvua.

Nalitaja hili kwa sababu wakati mwingine huandikwa kwamba Juba iliinuka yenyewe. Hakuna mji unaoinuka wenyewe. Masharti yalipolegezwa Mei ile, mama chai wengi hawakuwa na cha kurudi nacho sokoni. Waliorudi mapema ni wale waliokuta mtu wa kuwapa kilo kadhaa za sukari, majani ya chai na gunia la mkaa, walipe watakapoweza. Shule zilipofunguliwa tarehe 3 Mei 2021, baada ya miezi 14, madaftari ya watoto wetu yalitoka kwenye fungu la sanduk. Wako wasichana ambao hawakurudi darasani. Mmoja alirudi akiwa na mtoto mchanga, kwa kuwa shangazi zake wa sanduk walipangiana siku za kumlea yule mtoto.

Sasa nizungumzie chanjo, maana hapa ndipo panaponiuma. Machi 2021 tulipokea dozi 132,000. Baadaye dozi 72,000 zilirudishwa kwa kuhofia muda wake ungeisha kabla hazijatumika, na Kenya ikazipokea. Nilifurahi kwa ajili ya majirani walionilea, lakini nilisononeka. Uvumi ulikuwa umeushika mji: kwamba sindano inamaliza uzazi, kwamba tunajaribiwa. Uvumi ule ulikuwa ukinywewa pamoja na chai. Kwenye benchi moja hukaa askari, dereva wa lori la Nimule, karani, kijana wa bodaboda, na wote wanamsikiliza mwanamke anayewamiminia. Pale nilipokuwa nikikaa mimi, yeye mwenyewe hakuwa na jibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amempa. Angepata nusu saa na muuguzi anayemwamini, benchi zima lingejua kufikia adhuhuri.

Na maji, Mheshimiwa. Tuliambiwa tunawe mikono, nasi tukakubali. Huku Gudele wengi wetu tunanunua maji kwa jerikeni na kwa pipa, kutoka kwenye magari ya tangi. Vijana wa kanisa walitoboa majerikeni, wakayafunga mabomba, wakayaweka kwenye njia ya kuingilia sokoni, na wenye bodaboda wakachanga pesa za kuyajaza. Pesa zilipoisha, yakabaki matupu. Oktoba 2024 kipindupindu kilipotangazwa, kuanzia Renk, nililiona jerikeni moja la siku zile bado limefungwa kwenye nguzo, bomba limeng'oka.

Nafahamu kwamba tangu 2017 Wizara ina mpango wa afya ya boma, yaani ngazi ya chini kabisa ya utawala wetu, unaowatumia wahudumu wanaotoka katika jamii zenyewe. Ni mpango mzuri, na huduma zake za kutibu watoto zimelenga hasa vijiji vilivyo mbali na vituo vya afya. Naomba wazo hilohilo lifike kwenye masoko ya mji: Konyo Konyo, Custom, Jebel, Gumbo. Kila soko liwe na mama chai wawili na mwakilishi wa bodaboda ndani ya kamati ya dharura, wenye sauti ya kusema amri fulani itaua kwa njaa watu wangapi, na nini kifanyike kwanza. Maji ya kunawa yawekewe bajeti ya kudumu. Na fedha za kujikwamua zikipatikana, sehemu yake ipitie kwenye sanduk zenye daftari linalosomeka.

Sisi hukutana Jumapili baada ya ibada, chini ya mwarobaini uleule. Mtume afisa mmoja aje na kalamu. Katibu amekubali kumfungulia daftari, kuanzia ukurasa wa Aprili 2020.

Wako mtiifu,
Mwanachama wa sanduk,
Gudele, Juba