Heliamu Ikitoroka Hairudi

Wako watu wanaosema juu ya heliamu, gesi ile nyepesi ya kujazia maputo: «Haitaisha upesi, wataalamu wamekwisha kuhesabu.» Hesabu yenyewe ni hii: ardhini mwa dunia nzima imo kadiri ya mita za ujazo bilioni 40, na kwa mwaka watu hutumia kama milioni 170. Ukigawanya, wapata miaka zaidi ya 200. Basi tulale!

Hesabu si ya uwongo, lakini inadanganya. Heliamu huzaliwa polepole ndani ya mawe yenye urani (kama ile ya Shinkolobwe) kwa mamilioni ya miaka, na mara nyingi hukaa pamoja na gesi ya kuwasha moto. Wengi huchimba gesi ya moto wala hawaitengi heliamu. Nayo hupanda hewani, na kwa wepesi wake mwisho huiacha dunia kabisa. Chuma kikuukuu mhunzi hukiyeyusha tena. Heliamu iliyotoroka nani ataifuata? Na hiyo inayotoroka imehesabiwa ndani ya zile bilioni 40.

Tazameni Marekani. Serikali yake iliweka akiba kubwa chini ya ardhi karibu na Amarillo, Texas. Mwaka 1996 sheria ikaamuru iuzwe kulipa deni, na bei ikapangwa kwa kulitazama deni, si kwa uhaba wa kitu. Robert Richardson, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka uleule, alikemea: kwa bei ya haki puto moja lingeuzwa dola 100. Mwaka 2024 hata ghala lenyewe likauzwa kwa kampuni.

Wakati huohuo hospitali zahitaji heliamu ya majimaji, yenye baridi ya digrii 269 chini ya sifuri, ili kupoza sumaku za mashine zinazopiga picha za ubongo. Mgonjwa anagombania gesi na puto la arusi!

Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba heliamu imeonekana Rukwa, Tanzania, ng’ambo ya Ziwa letu Tanganyika. Wengine wakashangilia: «Iko nyingi!» Mimi pia nafurahi, maana kule imechanganyika na naitrojeni, na mchimbaji huitafuta heliamu yenyewe. Lakini wenyeji na wamwulize mapema: bei yake itafuata uhaba wake, au deni la mtu?