Upanga wa Ughaibuni, Mkuki wa Uvunguni

Nimeulizwa zaidi ya mara moja na vijana wa hapa Bariadi, wenye kazi nzuri na nia njema, mtu mwenye fedha kidogo aanzeje kukusanya panga za kale za Kijapani. Wengine wamekwisha kununua ule upanga wa madukani unaong'aa kama sahani, wakauweka juu ya kabati sebuleni. Huo si wa kale. Ni pambo la kiwandani, na bei yake ingemtosha mtu kuanza jambo la maana hapa hapa kwetu.

Sina ugomvi na Wajapani. Mwaka 1876 serikali yao ilipiga marufuku kutembea na panga kiunoni, na baada ya vita kwisha mwaka 1945 majeshi ya Marekani yalizikusanya kwa wingi, nyingine zikaharibiwa, nyingine zikaenda Marekani mizigoni mwa askari. Zilizosalia walizitunza kwa wivu. Mjuzi wa panga hizo haithubutu hata kutu ya ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, kwa kuwa kutu hiyo, pamoja na jina la mhunzi kama lilichongwa pale, humsaidia kujua umri. Anayeisugua ameufuta ushahidi. Lakini angalia: hao walianza na vya kwao.

Sisi je? Katika mkoa huu wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, mnunuzi wa chuma chakavu hupita vijijini na mizani yake. Nimeona kwa macho yangu mkuki wa zamani ukipimwa pamoja na rimu ya baiskeli na plau iliyovunjika. Mwenye mkuki alipokea fedha za chumvi na sabuni. Simlaumu, ana shida. Namlaumu msomi aliyesimama pale akicheka, ambaye nyumbani kwake kuna upanga wa plastiki na bati.

Jembe nalo ni hivyo hivyo. Kabla ya majembe ya kiwandani kutapakaa, Wasukuma walipata majembe kwa wahunzi, na waliosifika kuliko wote walikuwa Warongo wa upande wa Geita, waliokuwa wakiyeyusha chuma kutoka kwenye mawe. Jembe la namna hiyo lilitumika kulima, kubadilishana bidhaa na hata kulipia mahari. Leo linauzwa kwa kilo!

Kwa hiyo anayetaka kuanza, aanze na chuma cha kwetu. Kukitambua si kazi ngumu. Jembe la kiwandani lina tundu la kupitishia mpini, na mara nyingi lina chapa. Jembe la mhunzi lina mkia unaochomekwa kwenye mpini, na ukilipapasa utasikia mapigo ya nyundo. Mkuki wa zamani, pale mpini unapoingia, chuma kimekunjwa na mshono unaonekana. Ukiona alama ya kuchomelea, au bapa lililokatwa kwenye springi ya gari, ujue ni wa juzi. Wako watakaokuapia kwamba ni wa enzi za watemi, kumbe ulifuliwa miaka ya 1980, Sungusungu walipokuwa wakizunguka na silaha za jadi. Mimi mkuki wangu wa kwanza niliupata kwa bei ya jogoo, nao ni wa kweli.

Usiupige msasa, wala usiupake rangi. Kitambaa kikavu, mafuta kidogo, mpini mbali na mchwa. Kisha andika karatasi: umetoka kijiji gani, ulikuwa wa nani, ulitumika wapi. Mkuki usio na karatasi hiyo ni chuma tu, na mnunuzi wa chakavu atakuwa amekushinda kwa hoja.

Kuna wanaoniambia kwamba kuweka vitu vya wazee ndani ni kujitafutia jina la mchawi. Hofu hiyo siidharau hata kidogo, kwa kuwa huku kwetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma kama hizo. Lakini kinachotiliwa shaka ni kile kilichofichwa uvunguni. Kilichotundikwa ukutani, chenye maelezo yanayosomeka na kila mgeni, kina siri gani? Pale Bujora, Kisesa, njiani ukitoka Bariadi kwenda Mwanza, Padri David Clement kutoka Kanada alianza miaka ya 1950 kukusanya ngoma na zana za Wasukuma, na watu wakaja kuzitazama mchana kweupe. Ilibidi atoke Kanada!

Mipaka ipo. Ngoma na viti vya kitemi usinunue, hata mjukuu wa mtemi akikuletea usiku kwa bei ya kutupa. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini vitu vile vilikuwa vya watu wote wa nchi ile, si vya mjukuu mmoja. Wala usimuuzie mgeni wa kuvuka navyo mpaka: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inataka kibali.

Na yule mwenye mizani akipita tena kijijini kwenu, muulize bei yake ya kilo, kisha mpe mwenye mkuki zaidi ya hapo.