Mali Isiyoandikwa Juu ya Miti ya Ufipa

Wako watu wadhanio kwamba kulitambua na kulieleza ua jipya ni mchezo wa mabwana wenye nafasi, wala hakumhusu mkulima wa Mpui ahesabuye magunia yake ya mahindi, wala mfanyakazi wa Sumbawanga angojeaye mshahara wa mwisho wa mwezi. Sisi twaona kinyume. Jambo hili ni la hesabu ya mali ya nchi, na wenye mali ni wananchi. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Twazungumza habari za okidi, na hasa zile ziotazo juu ya miti. Uwanda wa juu wa Ufipa kwa sehemu kubwa ni nchi ya majani na mashamba. Msitu uliobaki umejikusanya katika milima ya Mbizi, juu ya mji wa Sumbawanga, na vipande vyake vingine hufuata mabonde na vijito. Ni katika matawi ya miti mikongwe ya namna hiyo, na ya miombo pia, ndimo ikaamo mimea ambayo mizizi yake haigusi udongo.

Wengi huidhania kuwa inaufyonza mti. Huko ni kuisingizia. Okidi ya mtini si kupe wala si mnyonyaji. Hupanga tu mahali pa kukaa. Mizizi yake imevikwa ganda jeupe jepesi, mithili ya sifongo, linalonywa maji ya mvua na ya umande. Chakula hujipikia yenyewe kwa majani yake na mwanga wa jua, na nyingi huweka akiba ya maji katika mashina yaliyovimba zipate kuvuka kiangazi. Mbegu zake ni kama vumbi, maelfu kwa maelfu katika tunda moja, lakini hazina akiba ya chakula ndani yake. Haziwezi kumea mpaka zikutane na ukungu wa aina izipasayo. Kwa hiyo mti ukikatwa, okidi haihami kama ndege. Huanguka pamoja na mwenyeji wake.

Basi, aina mpya hutambuliwaje? Haitoshi mtu kusema kwamba hajapata kuliona ua kama hili. Mtaalamu hana budi kuukausha mmea katika karatasi, na ua lenyewe kulitia katika chupa ya spiriti lisipoteze umbo. Hupima kila kipande, kisha hulinganisha na aina zote za jamaa yake zilizokwisha kuandikwa. Ikithibitika kwamba ni mpya, huipa jina la Kilatini, huchapisha maelezo yake, na hutaja kielelezo kimoja ambacho daima kitakuwa shahidi wa jina hilo, na mahali kilipowekwa. Zamani maelezo hayo yalilazimika kuandikwa kwa Kilatini. Tangu tarehe 1 Januari 2012, Kiingereza nacho chakubaliwa. Kwa ufupi, kazi hii ni kama kuandikisha shamba: mpaka upimwe, mashahidi watajwe, na hati iwekwe mahali panapojulikana.

Hapo ndipo penye swali letu. Hati za mimea yetu ziko wapi? Katika miaka ya 1950 na 1960 Mary Richards, mama aliyekaa Abercorn, mji ambao sasa huitwa Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu na Zambia, alizunguka sana Ufipa akikusanya mimea. Alianza kazi hiyo akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, akakusanya vielelezo maelfu mengi, na sehemu kubwa ikapelekwa Kew, London. Twamsifu kwa bidii yake. Twafurahi pia kwamba katika vielelezo vingine vya miaka ya baadaye jina la msaidizi wake, Arasululu, limeandikwa pamoja na lake. Lakini wasaidizi wangapi wa wakusanyaji wengine walipanda miti na kubeba mizigo, na majina yao hayaonekani popote? Na kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya Mashariki, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kumalizika mwaka 2012, kilitungwa Kew, mahali ambapo mwanafunzi wa Laela hawezi kufika kwa miguu.

Wala asiseme mtu kwamba maua hayana faida. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau katika milima ya Usambara, akapeleka mbegu kwao. Leo ua hilo lauzwa katika vyungu duniani kote, na faida kubwa ya biashara hiyo ilibaki ng'ambo. Tazameni tena vanila, ambayo ni okidi. Aliyegundua njia nyepesi ya kuichavusha kwa mkono ni Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Mashamba ya vanila yakaenea kwa maarifa yake, matajiri wakatajirika. Yeye alipata uhuru mwaka 1848 na akafa maskini mwaka 1880. Maarifa ya mnyonge yasipolindwa huwa mali ya mwenye nguvu.

Twajua jibu la mkulima: ua haliliwi, na kuni zahitajika leo jioni. Jibu hilo ni la haki, na asiyelipa uzito hana haki ya kumwelekeza mtu wa Mpui. Lakini msitu wa bondeni ndio mlinzi wa kijito, na kijito kikikauka ng'ombe na bustani hukauka nacho. Kuni zaweza kutoka katika miti iliyopandwa karibu na nyumba. Mikaratasi na misindano yafaa kwa kazi hiyo. Mkaratusi, ambao hujivua magome, si nyumba ya okidi. Mti mkongwe wenye gome la kukwaruza, uliovikwa kuvumwani, huo na uachwe.

Tena iko hatari ya biashara. Okidi za ardhini zimekwisha kutuonya: viazi vyake huchimbwa katika nyanda za juu za kusini na kupelekwa Zambia kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda, hata maeneo mengine yakabaki mashimo matupu. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilipoanzishwa mwaka 2005, ulinzi wa maua hayo ulikuwa miongoni mwa sababu zake. Okidi za mtini nazo wako wanaozitaka kwa pambo, nao hulipa. Ndiyo maana wataalamu waaminifu, watangazapo aina mpya, mara nyingi huficha mahali hasa ilipoonekana. Na aina isiyo na jina kwa kawaida haiingizwi katika orodha ya zilizo hatarini: kisicho na jina hakina wakili.

Kwa hiyo twashauri mambo manne. Kwanza, kila kielelezo kikusanywacho Ufipa, nakala yake ibaki katika hazina ya taifa ya mimea iliyoko Arusha, hata kama nyingine yasafiri. Pili, jina la Kifipa la mmea, kama lipo, liandikwe pamoja na la Kilatini, na jina la mwenyeji aliyeonyesha njia liandikwe pia. Tatu, shule za Ufipa ziwe na daftari la mimea: watoto watazame matawi yaliyoanguka na miti iliyokwisha kukatwa, kwani huko okidi huokotwa bila kuudhuru msitu. Nne, walimu wafundishe wazi kwamba mmea huu haumnyonyi mtu wala mti.

Kazi hii haitaki fedha nyingi. Yataka macho, kalamu, na moyo wa kuona kwamba kilicho juu ya mti wa kijijini ni chetu. Vijana wa Mpui wana macho. Wapeni kalamu, na daftari lifunguliwe kabla shoka halijafika.