Steki ya Thornhill na bili ambayo hamkuiona

Najua nimekuwa kimya, ila leo nimeingia kwa sababu ya ile picha.

Wengi mliiona: mimi na wenzangu wa kazini, steki mbele yangu, na glasi inayofuka moshi kama chetezo. Mdogo wangu akaandika kwenye kundi la familia: "Dada anakula malaki, sisi Moshi tunatafuta ada." Mama hakuandika kitu. Kesho yake alipiga simu akauliza kama nyama ilikuwa laini. Jamani, swali la Mama ndilo lililoniuma zaidi.

Ngoja niwasimulie vizuri. Thornhill iko kaskazini mwa Toronto, ukishavuka barabara ya Steeles. Barabara ya Yonge inaikata katikati: mashariki ni Markham, magharibi ni Vaughan. Hapa Wairani, Wayahudi, Wakorea na Wachina wote ni majirani, kwa hiyo hata mgahawa wa steki unachanganya dunia nzima kwenye sahani moja. Yangu ililetwa na chimichurri, ile mchuzi ya majani ya Waajentina, na kimchi ya Kikorea pembeni. Kokteli nazo ni michezo mitupu! Moja ilifunikwa kwa kioo kilichojaa moshi wa kuni, nyingine ilikuja na pamba ya sukari juu, ukimimina kinywaji inayeyuka. Nilicheka kama mtoto.

Mhudumu akauliza niiveshewe vipi. Nikasema iive kabisa. Rafiki yangu Mfilipino akanicheka: muuguzi anaogopa damu? Na kweli, yale maji mekundu si damu, ni protini ya kwenye misuli iitwayo mayoglobini. Kwa kipande kizima cha ng'ombe, wizara ya afya ya Kanada inaona nyuzi 63 zinatosha, ila nyama ya kusaga lazima ifike 71, maana vijidudu hukaa juu ya kipande na kusaga huviingiza ndani. Yote hayo nayajua, na bado nikashindwa. Mchagga aliyelelewa kwa kisusio anakimbia steki ya waridi!

Sasa tuje kwenye bili. Steki dola 68, viazi vya kuponda 14, kokteli 19. Jumla 101. Kodi ya mauzo ya Ontario ni asilimia 13, yaani 13.13. Halafu mashine ya kadi inakuuliza bakshishi: 18, 20 au 22? Nikabonyeza 18. Jumla kuu 134.67, karibu laki mbili na nusu za kwetu. Tangu Januari 2022 wahudumu wa vinywaji Ontario hawalipwi tena kima cha chini kilichokuwa pungufu kuliko cha wengine, lakini desturi ya bakshishi haijaondoka. Na mimi siwezi kumnyima mtu anayeshinda amesimama. Kwangu hiyo ni zaidi ya saa nne za wodini, baada ya makato.

Lakini ipo bili nyingine, na hii sikuwahi kuwaonyesha. Nilikuja huku na digrii yangu ya uuguzi, nikakuta digrii peke yake haikuruhusu kumchoma mgonjwa sindano. Kuna karatasi, ada, na mtihani wa NCLEX: unakaa na kompyuta mpaka saa tano, maswali kati ya 85 na 150, na hujui itakuzimia kwenye lipi. Miaka mitatu nilikuwa nikiogesha wazee na kubadilisha mashuka kwenye nyumba ya wazee. Ninyi niliwaambia "niko hospitali". Nilidanganya. Kubeba maboksi si aibu, na ada nilizotuma miaka ile zilitoka humo humo. Aibu ilikuwa ule uongo wangu.

Siku ya picha nilikuwa napongezwa kwa kumaliza mwezi wa kwanza nikiwa muuguzi mwenye leseni. Mngejuaje, wakati kwenu nilikuwa muuguzi tangu siku niliyoshuka kwenye ndege?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Lawama ya kwanza ni yetu sisi tulio nje. Tunatuma picha, bili tunaikalia. Mdogo wangu alipiga hesabu kwa namba nilizompa mimi. Kuna wenzangu wanasema dawa ni kuficha picha. Sikubali, kuficha ndiko kulikotufikisha hapa. Wengine wanasema usile mpaka wote nyumbani washibe. Hilo nalo sikubali, maana siku hiyo haifiki, na anayebeba wenzake naye anahitaji kula. Mimi nitakula, nitapiga picha, na bili nitaiweka pembeni ya sahani. Na ninyi mkiniomba, nitajieni bei kamili, msiniongezee ya juu.

Mdogo wangu, ada nitalipa mwezi huu nusu na mwezi ujao nusu. Sina yote kwa mkupuo, huo ndio ukweli.

Mama, nyama ilikuwa laini. Ila ningefurahi zaidi tungekula sinia moja.

Mnaonaje wenzangu? Niandikieni. Tuonane panapo majaliwa.