Embiid Hatukumdai Kombe, Tulimdai Aombe Mpira

Wasee, tuongee kuhusu Joel Embiid. Tangu Jumapili usiku mtandaoni hakukaliki. Kila ukifungua simu unakutana na picha ya jamaa ameinamisha kichwa, na chini yake mtu ameandika "MVP wa karatasi". Wengine wanamwita mwoga. Wengine wanataka arudishe tuzo ambayo hajakaa nayo hata wiki mbili.

Mimi pia nimeudhika, na sitaki mtu anitulize. Lakini nikisoma vile watu wanalalamika, naona wengi tunalilia mechi isiyo yenyewe.

Tuanze na namba, ndio tusibishane bure. Jumapili tarehe 14 Mei 2023, mechi ya saba, nusu fainali ya kanda ya Mashariki, Boston. Celtics 112, Sixers 88. Embiid alirusha mara 18, zikaingia 5. Pointi 15, ribaundi 8. Huyu ndiye mtu aliyeongoza NBA nzima kwa kufunga msimu huu, wastani wa pointi 33.1 kila mechi. James Harden, msaidizi wake mkuu, alipata pointi 9. Upande ule mwingine Jayson Tatum peke yake alifunga 51, na hakuna mtu amewahi kufunga nyingi hivyo kwenye mechi ya saba.

Kinachouma zaidi ni kwamba wakienda mapumziko mchezo ulikuwa bado hai, 55 kwa 52. Kisha robo ya tatu ikafika. Boston 33, Philadelphia 10. Kumi, bana! Timu nzima, dakika kumi na mbili, pointi kumi. Baada ya hapo tulikuwa tunaangalia saa tu.

Hii mechi tuliiona. Ilianza saa nne na nusu usiku kwa saa zetu, muda ambao hata mtu wa kuamkia kazi Jumatatu anaweza kuvumilia. NBA haitupatii nafasi kama hiyo mara nyingi. Ndiyo maana kelele ni nyingi, kila mtu ni shahidi.

Lakini mechi ya sita je? Hiyo ilichezwa Philadelphia, na huku kwetu ilikuwa saa nane na nusu usiku wa kuamkia Ijumaa. Wengi walikuwa wamelala fofofo. Wakaamka, wakaona Boston 95, Philadelphia 86, wakasema sawa tu, si kuna mechi ya saba? Wakaendelea na siku yao. Kwangu mimi, kesi ya Embiid haiko Jumapili. Iko kwa hiyo mechi mliyolala.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Sixers wanaongoza mechi tatu kwa mbili. Wako nyumbani. Wakishinda moja tu, wanaingia fainali ya kanda kwa mara ya kwanza tangu 2001, enzi za Allen Iverson. Wengi wetu tunaobishana leo tulikuwa hatujazaliwa, au tulikuwa tunatambaa. Na usiku huo Tatum alikuwa mbaya. Mbaya kabisa. Robo tatu nzima anarusha, mpira unagonga chuma. Kama angeacha kurusha pale, leo tungekuwa tunamcheka yeye.

Hakuacha. Robo ya nne ikaanza, akaendelea kuitisha mpira kama mtu ambaye hajakosa hata mara moja. Akafunga 16 katika hiyo robo pekee, karibu zote alizopata usiku mzima. Zikiwa zimebaki kama dakika nne, mchezo ukiwa wa kuninginia, yeye ndiye aliyerusha tatu za kuwatoa nyuma na kuwaweka mbele.

Na MVP wetu? Baada ya mechi Embiid mwenyewe aliwaambia waandishi kwamba hizo dakika nne za mwisho hakudhani aligusa mpira. Soma hiyo tena polepole. Dakika nne za mwisho, mechi ya kuwavusha, nyumbani, na mfungaji bora wa ligi anasema mpira haukumfikia.

Sasa najua utetezi unaokuja, na una ukweli ndani yake. Embiid ni senta. Tatum anaweza kuuleta mpira mwenyewe kutoka nyuma na kuanza shambulizi nao mkononi. Senta lazima apewe. Anasimama mahali, anapigana na mtu mgongoni, anangoja mlinzi wa mbele amwone. Harden asipompa, kocha asipoitisha mchezo wake, atafanya nini? Sawa. Doc Rivers amefutwa kazi Jumanne, kwa hivyo hata wenye timu wameona kocha ana sehemu yake. Na Harden alikuwa na siku zake za moto, alifunga 45 mechi ya kwanza Embiid akiwa nje, akafunga 42 mechi ya nne. Huwezi kumwambia mtu kama huyo asishike mpira.

Lakini huu utetezi unasahau vile Sixers wamecheza msimu mzima. Embiid si senta wa kungoja makombo chini ya kikapu. Amekuwa akipokea mpira karibu na mstari wa mtupo huru, anageuka, anawasoma walinzi, na timu nzima inamfuata. Hakuna mtu hufikisha pointi 33 kwa mechi kwa kusubiri kukumbukwa. Ana futi saba. Anaweza kumwendea Harden na kuuchukua mkononi. Anaweza kumpigia kocha kelele. Msimu mzima wenzake walijua mpira unaenda wapi, kwa hivyo siku ambayo hauendi, yeye ndiye wa kwanza kuuliza.

Na kuomba mpira si lazima uurushe wewe. Mechi ya nne, muda wa nyongeza, sekunde kama 18 zimebaki, Embiid alikuwa nao. Walinzi wakamvamia, akampasia Harden aliyekuwa kona peke yake. Tatu. Sixers 116, Celtics 115. Hiyo ndiyo faida ya nyota kushika mpira mwisho wa mechi, hata asipofunga yeye, watu wote wanamkimbilia na mwenzake anabaki wazi. Alijua hivyo. Alikuwa amefanya hivyo Jumapili iliyotangulia, siku nne tu kabla. Ndiyo maana mechi ya sita inanikera kuliko ya saba.

Hapa nataka kuwa makini, kwa sababu kuna neno linatupwa ovyo, "mwoga". Huyu jamaa si mwoga. Ni kijana wa Yaoundé ambaye alianza kucheza kikapu akiwa na kama miaka 15, wakati Wamarekani wa rika lake walikuwa wameanza wakiwa watoto. Alichaguliwa wa tatu mwaka 2014, kisha mguu ukamweka nje misimu miwili mizima kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi. Mwaka jana alicheza na Miami akiwa amevunjika mfupa wa uso na kidole gumba kikiwa kibovu. Mwaka huu goti la kulia liliumia katika raundi ya kwanza dhidi ya Brooklyn, na akarudi uwanjani kabla ya wengi wetu kumtarajia. Ni Mwafrika wa pili kuzaliwa huku na kuwa MVP, baada ya Hakeem Olajuwon mwaka 1994. Walipomkabidhi tuzo kabla ya mechi ya tatu, alilia, akiwa na mtoto wake ambaye amepewa jina la marehemu ndugu yake, Arthur. Kama hiyo haikukugusa, sijui ni nini kitakugusa.

Kwa hivyo maumivu anayaweza. Anachokosa, na sasa ni mara ya tano anatolewa raundi ya pili, ni kuushika mchezo shingo pale unapoponyoka. Ninaogopa hata kuandika hivyo, kwa sababu namtaka ashinde. Lakini nikinyamaza nitakuwa nampenda kama mtoto mdogo, si kama mwanamume wa miaka 29 mwenye tuzo kubwa kuliko zote za mchezaji.

Halafu baada ya mechi ya saba akaongea. Alisema anabeba lawama yake na anahitaji kuwa bora zaidi, sawa kabisa. Lakini akaongeza kwamba yeye na Harden hawawezi kushinda peke yao, ndiyo maana mchezo unachezwa watano kwa watano. Manze. Ni kweli? Ni kweli. Ni wewe wa kuisema, usiku huo, na wewe na Harden mmepata pointi 24 mkiunganishwa? Tobias Harris anaweza kusema hivyo. Sisi mashabiki tunaweza kusema hivyo. Mwenye nyumba hasimami mlangoni mbele ya wageni akitaja ni mtoto yupi hakuosha vyombo.

Kuna watu wataniambia nyota anadaiwa ushindi, kama hakushinda ni feki. Mimi nakataa, na Wakenya wanaelewa hii vizuri kuliko watu wengi. Boston hiyo hiyo, tarehe 17 Aprili mwaka huu, Eliud Kipchoge aliachwa kwenye vilima vya Newton baada ya kilomita 30. Mtu aliyekuwa na rekodi ya dunia wakati huo, akamaliza wa sita, huku Evans Chebet akichukua ushindi. Iliuma? Sana. Lakini hakuna mtu aliyeniambia Kipchoge alijificha. Tulimwona akikaa na lile kundi la mbele mpaka mguu ukakataa, kisha akafika mwisho kwa miguu yake. Kushindwa kwa namna hiyo tunakujua, na tunakuheshimu.

Na kama unataka mfano wa kikapu chenyewe, rudi Februari 2021. Morans wetu wako Yaoundé, ndio, mji huo huo aliozaliwa Embiid, wanacheza na Angola kutafuta tiketi ya AfroBasket. Angola, wakati huo tayari mabingwa wa Afrika mara kumi na moja! Kenya iko nyuma, sekunde za mwisho, na kila mtu aliye uwanjani anajua mpira unaenda kwa Tylor Ongwae. Angola walijua. Sisi tulijua. Akaenda nao, akarusha, ukaingia, 74 kwa 73. Kenya ikarudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Je, angekosa? Tungelia, lakini tungelia naye. Ongwae hana hata robo ya kipaji cha Embiid, na yeye mwenyewe hawezi kubisha. Ila usiku ule mpira haukuhitaji kumtafuta.

Sasa niwageukie nyinyi mnaopiga kelele, kwa sababu hasira zote si sawa.

Kuna hasira ya mkeka. Wewe uliweka Embiid atafunga zaidi ya 27, akaleta 15, mkeka ukachanika, sasa unamtukana mama yake. Hiyo si hasira ya shabiki, hiyo ni hasira ya mtu anayedai. Na Embiid hakukopa pesa kwako. Kama Jumapili ilikuacha bila nauli ya Jumatatu, shida yako haiko Philadelphia. Nasema hivi kwa upole, najua ni wangapi kwa rika letu wako kwa hilo shimo.

Kuna hasira ya kutafuta watu. Mimi natengeneza content, najua soko. Ukiandika "Embiid ni feki" unapata watu mara kumi kuliko ukiandika "Embiid hakuitisha mpira robo ya nne ya mechi ya sita". Ya kwanza inasomwa kwa sekunde mbili. Ya pili inataka uwe uliitazama mechi. Kwa hivyo ukiona mtu anapiga kelele sana wiki hii, muulize tu mechi ya sita ilikuwa ngapi kwa ngapi.

Halafu kuna wale wa upande mwingine, watetezi. "Kwani wewe umecheza wapi?" Sijacheza popote, boss. Lakini sihitaji kuwa mpishi ndio nijue ugali haujaiva. Mtu akiamka saa nane usiku, akae kwa giza na simu imepunguzwa sauti ili asiamshe nyumba, afanye hivyo msimu mzima, huyo ana haki ya kusema ameangushwa. Kuudhika ni sehemu ya kupenda timu. Matusi ndiyo hayana haki hapo, na ubaguzi ambao nimeona baadhi ya watu wakimwandikia Mwafrika mwenzetu ni aibu tupu.

Msimu ujao Philadelphia itakuwa na kocha mpya. Harden anaweza kubaki au kwenda. Goti, tuombe Mungu, litapona. Na Embiid ataanza tena kufunga 33, 40, siku nyingine 50, na sisi tutaanza tena kupost. Mimi nitafurahia zote. Lakini Mei ikifika sitaangalia jumla ya pointi zake kwanza. Nitaangalia dakika nne za mwisho za mechi ngumu, nione mkono wake uko wapi. Kama umeinuka unaitisha mpira, hata akikosa zote nitamtetea hapa mpaka mnichoke.

Haya, niambieni ukweli. Mechi ya sita ni nani aliiona moja kwa moja, na ni nani alisoma tu matokeo asubuhi?